Fundi Cherehani wa Dikteta

Nilikuwa nyumbani Makorora, Tanga, na mama, tunatazama filamu ya fundi cherehani mgeni aliyeitwa kumshonea dikteta suti, akaishia kula naye meza moja.

“Huyu hana kwao?” mama aliuliza.

“Anako, mama.”

“Mbona haendi?”

“Anapendwa.”

Nilijibu kitaalamu, kama msomi. Nami niliwahi kumwandikia hotuba mkubwa mmoja Dar es Salaam. Siku baba alipofariki, mkubwa huyo aliniambia, “Nimalizie hotuba kwanza, mwanangu.” Nikaimaliza, nikarekebisha hata mikato. Nilipofika Tanga, baba alikuwa ameshazikwa.

Mama hajawahi kunilaumu. Fundi wa kwenye filamu alipopokea barua ya msiba wa kwao, mama alizima televisheni, akanisogezea chungwa alilokwisha kunimenyea.

“Kula, mwanangu.”