Bomba la Cheyo

Kwa miaka sita, enzi za Mwingereza, nilikuwa mjumbe wa Baraza la Jimbo. Tulizungumzia mbung'o, barabara na tumbaku. Nilisimama, nikasema kwa kirefu, mkalimani akatafsiri, kisha nikarudi Kwihara kulima karanga. Kijijini waliniheshimu, ila hakuna aliyeweza kusema nimemfanyia nini. Hata mimi nisingeweza.

Tulihamia mtaa wa Cheyo, mjini, ili watoto wawe karibu na shule, na huko nikateuliwa diwani wa mji. Rafiki zangu wa zamani walinipa pole, kana kwamba nimeshushwa cheo. Wiki ileile wakaja akina mama watatu.

"Shikamoo, diwani," akasema mmoja wao, mjane aliyeuza vitumbua. "Kisima kimebaki tope. Tunataka bomba."

Kikaoni nilianza kama nilivyozoea, na habari za misafara ya zamani na jinsi wapagazi walivyopata maji njiani. Diwani mwenzangu, fundi cherehani wa mjini, akanivuta koti. "Mzee mwenzangu, sema bomba, ukae."

Nikasema bomba, nikakaa. Likapitishwa.

Mafundi walipofika walisema wameelekezwa kuliweka mbele ya nyumba yangu, kwa heshima ya diwani. Sitaficha, nilifurahi. Mke wangu alikwisha kufagia mahali pake. Wakati wanaanza kuchimba, yule muuza vitumbua akapita na debe lake, akasimama.

"Kwa hiyo kila alfajiri nitapiga hodi kwa diwani?"

"Bomba ni la wote, mama."

"Ni la wote, ila mlango ni wako."

Niliwaomba mafundi wahamie njia panda, karibu na soko, nao wakafukia shimo bila kinyongo.

Mke wangu alininunia siku mbili. "Diwani gani mkewe anapanga foleni?" akauliza. Siku ya tatu akajitwika debe, akaenda. Alikawia, na aliporudi alikuwa anacheka. Foleni ilikuwa imemjulisha mtaro gani umeziba, nani kaezuliwa paa na mvua, na kwamba wajawazito wa upande wetu wanatembea mbali mno kumfuata mkunga.

Nikayapeleka yote kikaoni, kwa maneno machache. Mtaro ulizibuliwa kwanza. Mkunga alichukua muda, lakini akaja. Nilidumu katika udiwani miaka mingi kuliko nilivyotarajia, na kila asubuhi ya kikao nilimsubiri mke wangu arudi na maji ndipo nivae koti.