Mserbia wa Ghorofa ya Juu

Enzi zetu, sisi watoto wa Walthamstow, huku ughaibuni, tuliosemeshwa Kiswahili na kujibu Kiingereza, mchezaji wa kulipwa hatukumtazama kwenye simu. Wa kwetu alikaa ghorofa ya juu, na kila aliposhuka ngazi tulisikia "gu!", kichwa kimegonga fremu ya mlango, kisha neno la Kiserbia ambalo Mama alitupiga marufuku kulitamka kabla hajajua maana yake.

Aliitwa Zoran. Alianza mpira wa kikapu kwao Belgrade, akacheza Uturuki, akacheza Uhispania, halafu goti likamgomea. Timu zikazidi kuwa ndogo hadi akaangukia ile ya mtaani kwetu, yenye ukumbi ulionuka soksi na chipsi za siki.

Mama, muuguzi mwenyeji wa Moshi, alimkuta ngazini akichechemea na mkate mkavu mkononi. "Mwili wote huo unaulisha mkate?" Akamwekea ugali na maharage. Tangu hapo kila Jumapili, tukishatoka kanisani, Mama alimkanda goti huku akimfundisha Kiswahili cha amri tupu: kaa, nyoosha, vumilia, kula. Sisi tulitoboa ndoo ya kufulia tukaitundika uani, naye akatumbukiza mpira bila hata kuruka. Makofi ya ndoo ile tulikula sisi, yeye akaongezewa ugali.

Msimu ulipokaribia kwisha, viongozi wakamwambia mkataba mpya utategemea mechi ya mwisho. Mama hakuwahi kuona mechi hata moja. Siku hiyo alijifunga kitenge chake cha harusi, akabeba chupa ya chai, akaketi mstari wa mbele.

Tulikuwa nyuma kwa pointi moja, muda umekaribia kwisha, Zoran akapewa mitupo miwili ya adhabu. Mama akasimama.

"Zoran! Nyoosha!"

Watu wote wakageuka. Zoran akacheka, akanyoosha goti, akatupa. Ndani. Wa pili, ndani. Tukashinda, watu wakarukaruka, na Mama bado anapiga kelele: "Haya, kaa sasa! Kaa!"

Lakini daktari wa timu alilipima goti, akalikataa, na mkataba ukafa. Zoran akaja jikoni kwetu, akasema kwa Kiswahili chake, "Mama, basi." Mama akampakulia, akageukia sinki, akakaa huko muda mrefu bila kuosha chochote. Mwezi uliofuata Zoran alirudi kwao kufundisha watoto.

Siku hizi wanangu wanajua viatu vya kila nyota wa Marekani, lakini jina la jirani yetu wa ukuta mmoja hawalijui. Juzi niliwasimulia habari za Zoran. Mkubwa akamsaka kwenye simu, akapata picha moja yenye ukungu, akauliza kwa Kiingereza chake kama kweli mtu huyu alikuwa nyota.

Mama akadakia kutoka kwenye kochi: "Nyota! Yule akimaliza kula alikuwa anaosha sahani yake. Zenu ziko wapi?"