Mwalimu Aliyejiita Mchawi na Zinguo la Mama Mdogo

Mwalimu Mzungu alijiita mchawi sebuleni kwetu Ibra, mbele ya wageni, akaongezewa kahawa. Wiki ile ile mama mdogo aliitwa mchawi na watu wasiomjua vyema, na posa ya binti yake ikavunjwa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Sisi ni Waarabu tuliotoka Unguja tukarudi nchi ya mababu, na kwa majirani tulikuwa Wazanzibari hata tulipovaa kama wao. Jirani wa ukuta mmoja, mwanamke wa pale pale, alikuwa na mtoto mchanga aliyelia kutwa na kukataa ziwa. Hospitali walimpa dawa, kilio hakikupungua. Akaja mwenyewe kwa mama mdogo.

Mama mdogo alimfanyia mtoto zinguo, kama alivyofanyiwa kila mtoto wa kwetu. Alishika chumvi ya mawe na pilipili kavu, akazizungusha juu ya kichwa cha mtoto huku akisoma Kul-audhu, sura za Kurani za kinga, akazitupa kwenye makaa. Pilipili ziliungua na hakuna aliyekohoa.

"Umeona? Jicho la husuda hilo," akasema. "Basi, limekwisha."

Mtoto akanyonya, akalala. Jirani akaleta sahani ya halua, na kila alikokwenda akamsifu mama mdogo. Sifa ikafika mji wa Izki kwa wakwe watarajiwa wa binti, ikageuka njiani: mwanamke wa Afrika anayeweza kuondoa jicho, nini kitamzuia kulitia? Nguo za posa walizotuletea walituma dereva azichukue. Hakuja hata mtu wa kusema samahani.

Binti alimwuliza mama yake, "Wangesema mimi mbaya wa sura, si ingekuwa afadhali?"

Mwalimu yule alifundisha Kiingereza, nami nilikuwa mkalimani wake siku za mapumziko. Alisema wanafalsafa wa kwao kwa muda mrefu waliitazama dunia kama mashine: ardhi ni mali iliyokufa, ya kuchimbwa na kuuzwa. Wachawi wa leo, wanaokutana mwezi mpevu na kuitukuza ardhi, ni jibu kwa fikra ile. Kila kitu kina uhai, na mwanadamu ni sehemu yake, si mmiliki. "Neno hili tulitukanwa nalo," alisema, "sasa tunalivaa wenyewe."

Nilitafsiri yote. Mzee mmoja akamwuliza kama ataweza kumwongezea maji ya falaji, mfereji wa shamba lake. Watu wakacheka, naye akacheka. Hakuna aliyeondoa kikombe chake.

Hasira yangu haikuwa juu ya fikra hizo. Kuuliza nani aliyeamua kwamba ardhi imekufa ni swali zuri, na sikuwahi kulisikia likiulizwa vile. Nilikasirika kwa sababu jina lile lile kwake lilikuwa falsafa, na kwa mama mdogo hukumu. Yeye alilichagua. Mama mdogo alibandikwa, na gharama akabebeshwa binti.

Nilimweleza mwalimu habari yote, nikitaraji atachukizwa. Macho yakamng'aa. Akaomba aje na kinasa sauti, arekodi hekima ya wanawake ya kabla ya dini.

"Kabla ya dini?" mama mdogo akaniuliza. "Mwambie nilisoma Kul-audhu, sikuimbia mwezi. Na mwambie yeye akichoka na uchawi wake atapanda ndege. Mimi nipande nini, punda?"

Mwalimu hakuja.

Baadaye jirani alirudi, safari hii kwa mlango wa nyuma, shela limemfunika uso, mtoto analia mikononi.

"Khalati, mama yangu, tafadhali. Kama ile siku."

Mama mdogo hakumfukuza. Alimpangusa mtoto jasho.

"Nitamzingua. Lakini kwanza nenda Izki, wewe na mumeo. Waambie ulichokiona kwa macho yako: chumvi, pilipili na Kurani. Mwanangu ana haki ya kusemewa."

"Wakisema nami ni mwenzako?"

"Basi utajua nimelalaje miezi hii."

Jirani akasema atamwuliza mumewe, akaondoka na mtoto wake. Mama mdogo akaweka chumvi na pilipili kwenye kibakuli karibu na jiko, tayari. Nilipohamia Sur kwa kazi, kibakuli kilikuwa bado pale, mtoto tulikuwa bado tunamsikia ng'ambo ya ukuta, na Izki hakuna aliyekwenda.