Waya Uliovuka Ua

Harufu ya vumbi lililopata moto hunirudisha Msambweni, kwenye chumba cha uani cha kaka yangu Sele. Kompyuta yake ya kuchezea gemu aliiunda mwenyewe, kipande kwa kipande, kutokana na mashine zilizotupwa na hoteli aliyofanyia kazi Diani. Feni yake ilivuma kama kinu cha posho na kutema hewa ya moto yenye vumbi na chumvi. Kwetu mvulana akishabaleghe hutoka nyumba kubwa akapewa chumba ng'ambo ya ua, na Sele aliishi huko mpaka alipougua figo. Ndipo mama akamrudisha, akamtandikia kitanda sebuleni, maana mgonjwa hujuliwa hali, na wageni hawangeweza kupokewa katika chumba kile chenye joto la tanuri.

Kompyuta ikabaki peke yake. Mama hakuitaka sebuleni. "Watu waje kumwombea dua, wakute mngurumo?" Lakini Sele alikuwa katikati ya ligi ya gemu ya mpira. Timu yake aliipa jina la mtaa wetu, na wachezaji majina ya vijana wa pale. Alitaka kuimaliza. Hakusema kabla ya nini, nasi hatukumuuliza. Rafiki yake Juma akaleta waya mrefu, akautoa dirishani, akauzungusha kwenye kamba ya kuanikia nguo, akauingiza sebuleni hadi nyuma ya televisheni. Picha ikaja, safi kabisa. Sele akacheka mpaka akakohoa. Kisha akabonyeza pedi ya kuchezea, na hakuna mchezaji aliyesogea. Waya ulileta picha tu. Pedi ile haikuwa na waya, na nguvu zake zilimezwa na kuta zetu nene za mawe kabla ya kuvuka ua.

Basi nikawa mikono yake. Nilikuwa na miaka tisa. Nilikaa chumbani mwake mbele ya skrini ndogo, naye akiwa kitandani sebuleni mbele ya ile kubwa, akinipigia kelele.

"Kushoto, Mwanasha! Ule mkono usiolia wali!"

"Nimeshapiga, kaka!"

"Umepiga nini? Umemwamkia kipa wao. Shikamoo, kipa!"

Mama Riziki, jirani yetu, alichungulia siku moja akauliza, "Jamani, mwagombana na mgonjwa?"

Majuma yalipopita sauti yake ilipungua. Nilianza kuacha mlango wazi, kisha na dirisha, kisha nikazima sauti ya gemu ili nimsikie yeye. Alasiri ya mechi ya mwisho nilifunga bao, nikangoja kejeli yake. Nilisikia feni tu. "Kaka, umeona?" Nikaendelea kucheza mpaka mwisho, kwa kuwa sikujua la kufanya zaidi ya hilo. Tukashinda ligi. Nilipokimbilia sebuleni, vijana wa mtaa wetu walikuwa wakiinua kombe kwenye televisheni, na mama alikuwa akimpangusa Sele uso kwa leso. "Amelala," akasema, na kweli alikuwa amelala. Alipoamka nilimwambia tumeshinda. Akanijibu, "Najua." Alikuwa mtu wa kusema la kunifurahisha, kwa hiyo mpaka leo sijui kama aliona. Alifariki hospitalini siku chache baadaye.

Wakati wa matanga televisheni ilifunikwa leso. Waya haukutolewa, mama huanikia nguo juu yake hata sasa. Mimi naishi Ukunda, na mwanangu hucheza kwa simu na watoto wa miji asiyoijua, sauti zao zikimfikia bila waya wowote. Huweka visikizi masikioni, akacheka, akawatania. Mara nyingine hunyamaza ghafla. Mimi huacha sufuria jikoni, nikaenda mpaka mlangoni nikamtazama, mpaka aseme, "Mama, niko hapa, kwani vipi?"