Kabati la Bunduki la Arlys Engstrom

Arlys Engstrom alijifunza kutengeneza bunduki akiwa na miaka kumi na miwili, kwenye meza ya baba yake, huko kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani, ambako theluji huwahi na watu husema machache. Alipofikisha miaka sitini na mitatu, karibu kila nyumba ya mji wa Halvor Falls ilikuwa na bunduki iliyopita mikononi mwake. Lakini ukimwuliza kazi yake, angekujibu kwamba yeye huhifadhi.

Kuhifadhi kulianza na kaka yake, Duane. Jumatatu moja Duane alimletea bunduki yenye kifyatuo kizito. Arlys akakilainisha, akaipaka mafuta, akamrudishia huku wakitaniana. Jumanne Duane akajiua nayo. Baada ya mazishi Arlys alinunua kabati la chuma, akaliweka nyuma ya duka, akatangaza kanisani kwamba yeyote aliyeingiwa na giza moyoni alete bunduki zake, bila malipo wala maswali. Sharti lilikuwa moja tu: mtu aje na mwenzake, na siku ya kuzichukua waje wote wawili.

Mwanzoni watu walicheka. Kisha wakaanza kuja mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma, na kila bunduki ikafungiwa kikaratasi chenye majina mawili.

Mwezi wa Machi alikuja Everett Lindahl na dada yake Jolene, wakaleta bunduki tatu. Everett alikuwa amelitunza jengo la shule kwa miaka kumi na tisa, mpaka alipoanza kuwasikia watoto wakimsengenya ndani ya mabomba yanayopasha jengo joto, hata siku za likizo shule ikiwa tupu. Aliachishwa kazi. Akalazwa wiki tatu, akapewa vidonge, na miadi ya daktari baada ya miezi mitano. Miadi ilipofika, daktari alikuwa amehama.

Sasa ilikuwa Novemba, Alhamisi, siku mbili kabla ya msimu wa kuwinda kulungu kufunguliwa. Adhuhuri Everett akaingia dukani peke yake. Alikuwa amenyoa ndevu, na amevaa koti la kuwindia la rangi ya chungwa kama wanaume wote wa mji wiki ile. Polisi aliyekuwa akipita nje alimpungia mkono. Katika majira hayo aliyevaa koti lile haulizwi aendako wala alichobeba.

Arlys mwenyewe hakuuliza. Walizungumza habari za theluji, Everett akachukua kikombe cha kahawa, akaketi.

"Kahawa yako hii, Arlys, ungewauzia watengeneza barabara iwe lami."

Arlys akacheka, na kwa kuwa wiki ile kila mtu alikuja kuchukua bunduki yake, mkono wake ukaenda kwenye funguo kwa mazoea. Alikuwa amekwisha kuutia ufunguo kabatini alipotupa jicho dirishani, akaona lori la Everett halina mbwa wake. Miaka yote mbwa yule alikaa kiti cha mbele kama mke. Everett alifuata jicho lake, akaeleza kwa upole kwamba amempa jirani, pamoja na kitanda chake na chakula chote.

Hapo Arlys akakumbuka jambo la pili. Vibali vya kuwinda kulungu huuzwa dukani kwake, na mwaka huu hakumwandikia Lindahl yeyote.

 Bomba la joto ukutani liligonga mara mbili, na Everett akageuza kichwa kulielekea, akatabasamu kama mtu aliyeitwa kwa jina.

Bunduki zilikuwa mali yake, na hapakuwa na amri ya hakimu ya kumzuia. Arlys akauchomoa ufunguo, akauweka mfukoni.

"Jolene yuko wapi?"

"Jolene ana kazi. Nipe vitu vyangu, dada."

"Everett, unataka kuua watu?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo, si polisi, si mchungaji. Everett akakiweka kikombe chake mezani.

"Kengele ya kwanza ya shule ni saa mbili na dakika kumi," alisema. "Mlango wa jikoni haujifungi vizuri. Niliwaambia miaka minne wautengeneze."

Arlys akainua birika. Alimjazia kahawa, akampigia Jolene simu papo hapo mbele yake, akamwambia aje na gari. Everett hakuinuka. Alimngoja dada yake, mikono magotini.

Hospitali ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu. Jolene aliendesha akilia bila sauti. Everett alikaa katikati yao, akitaja milango ya shule mmoja baada ya mwingine, upi una komeo, upi hauna, kwa sauti ya mtu anayesali. Arlys hakumkatiza, kwa maana alihofia zaidi asije akanyamaza.

Mlangoni pa hospitali Everett akasimama.

"Kesho shule iko wazi?"

 Arlys akasema, "Iko wazi, Everett. Kesho ni Ijumaa."

Everett akaipangusa theluji mabegani.

"Basi nifungieni mimi," akasema, akatangulia kuingia.