Siku Nilipowafundisha Wakwe Zangu Mitandao ya Kompyuta

Jamani, hili jambo nikilikumbuka nikiwa peke yangu huwa najifunika uso kwa mikono, na nikilikumbuka mbele za watu huwa najifanya nakohoa, kwa hiyo leo nalisimulia mara moja, mcheke mnavyoweza, halafu tuhamie habari nyingine.

Mimi ni fundi wa mitandao ya kompyuta hapa Mwanza. Nikisema mitandao, watu wa kwetu Kisesa wanadhani nashinda nachati, kumbe mimi ndiye yule anayeitwa intaneti ikikatika ofisini, anapanda ngazi, anatambaa darini, anashuka na utando wa buibui kichwani huku wenye ofisi wakimuuliza kama imerudi. Kazini waliniahidi kunifanya mkuu wa kitengo iwapo ningefaulu mtihani wa cheti cha ngazi ya juu, mtihani ambao (nasema haraka maana bado unauma) nilishaufanya nikaanguka. Jumatatu nilikuwa naurudia. Na Jumamosi ya kabla yake ndiyo siku wazee waliyopanga, bila kuniuliza, familia ya mchumba wangu Lameck itoke Magu ije nyumbani Kisesa kujitambulisha.

Sasa shida yangu kwenye huo mtihani haikuwa akili, ilikuwa kusahau. Kanuni nyingi, majina yanafanana, leo unazijua kesho zimeyeyuka. Nikabuni njia yangu: kila kanuni naipa mtu ninayemfahamu. Nikitoka kazini nilikuwa naenda kukaa kwenye mawe kule ziwani, najirekodi kwa simu kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, mawimbi yanapiga, kunguru wanalia, na mimi naeleza jinsi data inavyosafiri kutoka ruta hadi ruta, vile visanduku vinavyoielekeza njia, kwa kutumia mifano ya ndugu zangu. Tena kwa majina yao. (Nani angesikia? Hivyo ndivyo nilivyojidanganya.) Kisha nasikiliza nikifua, nikipiga pasi, nikipika, na niwaambie ukweli, yalikuwa yananiingia kuliko kitabu.

Jumamosi ikafika. Turubai limesimama uani, viti vimepangwa, na baba ameazima spika kubwa ya kwaya ya kanisani. Mdogo wangu Pili akaniambia, "Dada, weka nyimbo basi, pasiwe kama msibani," nikaiunganisha simu yangu na ile spika bila waya, nyimbo zikapigwa. Wageni walipoingia nikazima nyimbo ili wazee waongee. Nilizima nyimbo. Spika sikuizima, wala simu sikuitenganisha nayo. (Ni vitu viwili tofauti, na katika ukoo mzima mtu pekee aliyesomea jambo hilo ni mimi.)

Kwetu binti hatokei mpaka aitwe, kwa hiyo nilikuwa jikoni nyuma ya nyumba, nakaanga sato. Nikajiuliza, hapa si ningerudia masomo kidogo? Nikachukua kisikilizio kimoja, vile vidogo visivyo na waya, nikakichomeka sikioni chini ya kilemba, nikabonyeza rekodi zangu kwenye simu. Kimya. Nikaongeza sauti. Kimya. Nikakitoa, nikakipuliza, nikakirudisha, nikaongeza sauti mpaka mwisho. Kimya kabisa! Nikasema potelea mbali, kimeisha chaji, nikageuza samaki.

Ndipo nikasikia kule uani mwanamke anahutubia. Nikawaza, huyu mgeni anajua kuongea, tena anajiamini. Halafu nikasikia kunguru. Halafu nikasikia mawimbi.

Nyumbani kwetu ziwa halisikiki.

"...ruta iliyoshachaguliwa kuwa kiongozi," ilikuwa inasema sauti yangu, turubai linatetemeka, "hata ikija nyingine yenye sifa zaidi, haiachii nafasi. Mfano ni baba mkubwa Masanja. Kiti cha ukoo alishakikalia. Hata aje profesa, hatoki mpaka azimike!"

Baba mkubwa Masanja ndiye aliyekuwa msemaji wetu siku hiyo, amevaa koti, amekaa katikati.

Nikairukia simu. Mikono yangu imejaa mafuta ya samaki, kioo hakisikii kidole, nabonyeza kusimamisha, kinateleza, badala ya kunyamaza rekodi ikarukia mbele. "Tunaingia somo la mzunguko," sauti ikaendelea kwa furaha. "Ujumbe ukizunguka bila kizuizi unaua mtandao mzima. Mfano ni shangazi Rhoda. Umbea unatoka kwake, unazunguka Kisesa yote, unamrudia, anausikia kama mpya, anautuma tena! Dawa yake ni kufunga mlango mmoja."

Nikaifuta simu kwenye kanga, nikabonyeza, ikarukia mbele tena. Basi nikatoka mbio. Binti asiyeitwa, kanga ya jikoni, mwiko mkononi, kisikilizio sikioni, nikakatiza mbele ya wakwe zangu wote kama kuku anayefukuzwa, nikaufikia waya wa umeme wa spika, nikauchomoa. Nikageuka na kutabasamu.

Spika ya kwaya ina betri.

"Njia ya msingi!" ikanguruma mgongoni kwangu. "Ruta isipojua mzigo uende wapi, inautupia mlango mmoja tu. Huyo ni Lameck. Asichokijua anampelekea mama yake. Muulize tule nini, atakwambia ngoja nimuulize mama! Naye mama yake ni ukuta wa ulinzi. Ambacho hakukiruhusu, kimekataliwa, na sababu usiulize!"

Nilikuwa nimeikumbatia ile spika, jamani. Nimeifunika kwa kanga na kifua kama mtu anayezima moto. Pili ndiye aliyekuja, akapeleka mkono nyuma ya spika taratibu, akabonyeza kitufe. Hata samaki waliokuwa wakiungua jikoni sasa niliwasikia.

Baba mkubwa akawa wa kwanza. "Hiyo ledio," akasema akijipapasa koti, "imesema mimi nizimike?"

"Ni mfano wa masomo, baba mkubwa," nikajibu.

Nikamtafuta shangazi Rhoda kwa macho nimwombe radhi. Kiti chake kitupu. Alishatoka kwenda kwa jirani kuhadithia, na nawaapia, hata hatujapoa, jirani akachungulia getini kutuuliza kama ni kweli. Nyuma yake alisimama shangazi, anamsikiliza kwa mshangao, mkono mdomoni.

"Binti, sogea hapa." Alikuwa mama yake Lameck.

Nikapiga magoti, mwiko bado mkononi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ile sauti ni yako?"

"Ni yangu, mama."

"Ndiyo mnayosoma huko kwenye kompyuta? Mimi na mwanangu?"

Moyoni nilishaona gari lao linarudi Magu na uchumba wangu umeishia pale. Mama akavua miwani, akaifuta polepole, akamgeukia mwanawe.

"Lameck. Haya aliyosema huyu binti ni kweli?"

Lameck akafungua mdomo. Akanitazama mimi, akatazama wazee, akamtazama mama yake. Akasema, "Sijui, mama. Kwani wewe unaonaje?"

Loo! Aliyeanza ni baba yake Lameck, mzee aliyekuwa hajasema neno tangu afike. Alicheka mpaka akashikilia nguzo ya turubai, turubai likayumba, wanawake wakaanza vigelegele bila kujua wanashangilia nini, na Lameck anauliza, "Nimesema nini jamani?" Mama yake alijizuia, akajizuia, mwisho akashindwa, machozi yakamtoka. Alipopata pumzi akawaambia wazee wetu, "Huyu binti tupeni leo leo. Mimi kujibu maswali nimechoka, aje anipokee."

Tukala sato wa kuungua. Hakuna aliyelalamika.

Jumatatu nikaingia kwenye mtihani, na lilipokuja swali la ruta inayong'ang'ania uongozi nikacheka kwa sauti, msimamizi akanionya kwamba nikirudia ananitoa. Nilifaulu, ukuu wa kitengo nikapewa. Baba mkubwa aliniwekea kinyongo mpaka nilipompelekea jogoo, akanisamehe, ila alipoletewa cheti akiangalie alikigeuza mbele na nyuma, akaniuliza, "Sasa mimi wameniandika wapi?"

Wenzangu, mwenye wageni apike, mwenye mtihani asome, na asijaribu yote mawili kwa mkono wenye mafuta. Naambiwa kuna cheti kingine juu ya hiki. Nitakisomea kwa macho tu, mdomo nimeufunga, tena mbali na mtu yeyote anayeniita mwanangu.