Mtoto Aliyeniita Mama

Kuna Jumamosi moja ambayo haijawahi kunitoka akilini, mwanangu. Na kwa kuwa wiki ijayo unaanza kazi ileile niliyoifanya mpaka nikastaafu, kaa hapa nikusimulie.

Nilikuwa afisa mpya wa watoto. Nilikuwa nimepanga chumba Ngara, ghorofa ya tatu, juu ya duka la jumla la vitambaa. Asubuhi zile zilikuwa tamu! Wachuuzi wakiniamsha kwa kelele za kushusha mizigo, napiga pasi sketi yangu, natembea hadi ofisini mjini nikijiona mtu. Lakini mwaka huo mimba yangu ya kwanza ilikuwa imetoka, na sikuwa nimemwambia yeyote kazini.

Ndipo nikapewa faili ya Nanjala. Alikuwa na miaka mitano. Mama yake, aliyekuwa akiwafulia watu nguo kule Kabiria, alikuwa amelazwa kwa kifua kikuu, na hapa Nairobi hawakuwa na jamaa. Tukampeleka mtoto kwenye makao ya watoto. Kazi yangu ilikuwa kumtembelea, kuandika ripoti, na kumtayarisha arudi nyumbani mama akipona.

Mimi nikavuka mpaka huo. Kila Jumamosi nilimchukua nikamleta kwangu. Nilimsuka nywele, nikampikia chapati, tukashuka dukani kuchagua vitambaa vya magauni ambayo hatungeyashona kamwe. Siku moja akaniita mama. Nilipaswa kumrekebisha. Nikanyamaza, maana neno lile liliingia palepale palipokuwa pakiniuma. Na zile Jumamosi sikuziandika kwenye ripoti.

Baada ya miezi minane Mama Nanjala akapona. Jumamosi moja nilipokuwa nimekuja kumchukua mtoto, alifika pale makao amebeba sweta aliyoifuma wodini. Mtoto alipomwona, alikimbia akajificha nyuma yangu.

"Nanjala, si ni mimi? Kuja tuone kama itakutosha."

"Sitaki! Mama yangu ni huyu."

Yule mama hakunifokea. Aliikunja sweta polepole, kisha akaniangalia. "Madam, mimi nilikuwa nameza dawa kila siku ndio nirudie mtoto wangu. Wewe ulikuwa unamwambia nini?"



Jumatatu mkubwa wangu, Madam Kalondu, mama wa makamo asiyepandisha sauti, aliniita ofisini kwake. Habari za zile Jumamosi zilikuwa zimemfikia kutoka makao.

"Lakini nilimpenda," nikajitetea.

"Sijasema hukumpenda. Nakuuliza, hizo Jumamosi zilikuwa za mtoto ama zako?"

Nililia. Nikamweleza yote, hata ile mimba. Aliningoja nimalize, kisha akanipa barua ya onyo, na faili akampa mwenzangu. Ila kwanza alinituma nikamwambie Nanjala ukweli kwa kinywa changu.

Nilipiga magoti mbele yake. "Mimi si mama yako. Mama yako hakukuacha, alikuwa mgonjwa." Alinipiga kifuani kwa ngumi zake ndogo, akakataa kuniaga.

Iliwachukua karibu mwaka mzima kuzoeana tena, yeye na mama yake. Baadaye niliwaona kwenye maduka ya pale Adams, wakitoka dukani, mtoto akisimulia jambo, mama akicheka mpaka akasimama. Nilivuka upande wa pili wa barabara nisiwakatize. Moyo uliniuma, mwanangu, na bado nilishukuru.

Basi sikia. Utawapenda watoto hao, na usione haya kwa hilo. Lakini kumbuka unawashika kwa muda tu, kwa niaba ya wenyewe. Usimwache mtoto aamini jambo ambalo huwezi kulitimiza. Lile unaloona vigumu kuliandika kwenye ripoti, acha kulifanya. Na uchungu wako umpelekee mtu mzima mwenzako. Mtoto ana wake wa kutosha.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe moyo laini na mkono unaojua kuachilia, na kila mtoto utakayemshika afike kwao salama.